Mstari Uliorudi

Alhamisi, saa nne asubuhi, Sabrina aliingia steshenari ya Mama Aamir, Area D, akaibwaga bahasha ya kaki juu ya kaunta. Hata shikamoo aliisahau.

"Hoteli wamenirudishia. Jana kwenye usaili walinifurahia, leo naambiwa refa niliyemwandika kwenye CV kasema alinifukuza kwa wizi."

Bilkis, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Aamir, aliacha kazi yake. CV ile waliiandika pamoja kwenye kompyuta ya duka. Sabrina alikuja na CV ya kuiga, kurasa nne, na Bilkis akaikata mpaka zikabaki mbili. Alifuta "mchapakazi, mbunifu, mwaminifu". Akafuta na mambo anayopenda. Mahali pake akaandika kazi alizofanya binti huyu mgahawani kwa Karishma: kupokea wageni, kupokea oda kwa simu, kufunga mauzo ya siku.

"Karishma akuite mwizi? Mbona hadi leo anakubembeleza urudi?"

"Mama, soma namba."

Bilkis alisoma ukurasa wa pili. Elimu, lugha, mambo anayopenda, refa. Jina lilikuwa la Karishma. Namba haikuwa yake.

Kwenye benchi alikaa Loisi, aliyemsindikiza Sabrina. Walipanga chumba kimoja. Loisi alikuwa na digrii, alitoka Kibakwe, na ndiye aliyempa Sabrina CV yake aige.

"Pole, shoga," alisema. "Ila wewe una nyota, utaitwa tena. Wengine mwaka wa tatu huu, hata simu ya kukosea haituingii."

Bilkis alimpigia Praful, meneja wa hoteli.

"Kaka Praful, namba uliyopiga si ya Karishma. Kuna mtu kaibadilisha."

"Dada, kila anayekataliwa ana hadithi. Nafasi ni moja. Saa kumi namwita aliyemfuata. Kama una mtu wa kuniambia vingine, awe yule niliyeongea naye."

Bilkis alifungua barua pepe waliyotumia kuomba kazi. Namba ya Karishma ilikuwepo, sahihi. Basi kosa halikutoka kwenye kompyuta ya duka.

"Nakala hii ya usaili tuliichapisha juzi jioni," alisema. "Ilipita mikono ya nani?"

"Ililala chumbani. Asubuhi Damas akanipeleka na bajaji yake. Nikashuka nimeisahau kwenye kiti, akanifuata nayo getini."

"Damas!" Loisi alidakia. "Si huyo uliyemkataa mwezi uliopita?"

Bilkis alichukua simu, akaiingiza ile namba kama mtu anayetaka kutuma pesa. Kabla ya kuombwa namba ya siri, jina la mwenye laini likajitokeza. Akawageuzia kioo wasome. Damas.

Sabrina alijishika kichwa. "Kumbe!"

Damas alipoitwa alifika na ufunguo wa bajaji kidoleni, anatabasamu. Alipoona nyuso zao, tabasamu likakatika.

"Ulimwonea wivu?" Bilkis aliuliza.

"Nilimwonea, mama, sifichi. Akae mapokezi, kila mgeni amchekee, mimi nipo nje nasubiri abiria? Lakini CV sijui hata inaandikwaje."

"Na laini hii?"

Damas aliisoma namba. "Ni jina langu. Nilimsajilia mtu wa nyumbani, kitambulisho chake kilikuwa kimechelewa."

"Nani?"

"Hapo utanisamehe. Siwezi kumchoma mtu wa kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kibakwe," alisema, macho chini.

"Anajitetea tu huyo," Loisi alisema.

Bilkis aliurudia ukurasa wa pili, safari hii kwa sauti. "Mambo ninayopenda: kusoma, kusafiri na kuangalia filamu." Akauweka mezani. "Sabrina, mstari huu si niliufuta mbele yako?"

"Uliufuta. Ukasema hoteli hainiajiri nikaangalie filamu."

"Sasa nani kaurudisha? Nakala yangu haina. Damas hajawahi kuuona. Upo kwenye CV moja tu, ile uliyoiga." Alimgeukia Loisi. "Bahasha ililala na nyinyi wawili. Ulichukua ukurasa kutoka kwenye CV yako, ukaweka mambo ya Sabrina na namba yako ya zamani. Mistari mingine yote uliibadilisha. Huu ukauacha. Ulisahau?"

Loisi aliuvuta ukurasa ule kwake. Kisha akasema, "Sikusahau. Ni mstari mzuri."

"Loisi!" Sabrina alisimama.

"Nini? Kidato cha nne wewe! Umeomba mara moja, ukaitwa mara moja. Kwa CV yangu! Mmeyakatakata maneno yangu kama kachumbari, halafu ndiyo ikaitwa. Mimi nimeipeleka nzima nzima miaka mitatu. Na usiku ule unanipigia kelele chumbani, 'Shoga, niazime viatu vyako vyeusi vya usaili.' Viatu vyangu, Sabrina!"

"Si ungeitupa tu bahasha?"

"Ungechapisha nyingine. Nilitaka wakukatae wenyewe, kama wanavyonikataa mimi."

Bilkis alimsogezea simu. "Saa kumi haijafika. Praful anataka yule aliyeongea naye. Mpigie."

Loisi alitazama mlango. Damas alikuwa amesimama hapo, na safari hii hakumpisha. Akapiga. Alisema jina lake, akasema mgahawa haujui wala hajawahi kumiliki hata meza, na wizi aliutunga. Praful akaomba namba ya kweli ya Karishma. Hazikupita dakika nyingi simu ikaita tena: Sabrina aripoti Jumatatu.

Sabrina hakushangilia. Aliinama, akavua viatu vyeusi alivyokuwa bado amevaa, akavipanga juu ya kaunta mbele ya Loisi.

"Leo nahama," alisema. Akatoka peku hadi kwenye bajaji.

Loisi alivichukua viatu, akavikumbatia. Mlangoni aligeuka.

"Mama Aamir. Na kwenye CV yangu... ungeufuta ule mstari?"

"Wa kwanza kabisa," Bilkis alijibu, akauchana ule ukurasa wa kughushi.