Alinikana Stesheni Mbele ya Kikapu

"Afande, mimi huyu mwanamke simjui!"

Severine alisema hivyo akinitazama usoni kabisa... mwanaume aliyekuwa ananipeleka kwao Moshi kunitambulisha!

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Seve, unasemaje?"

"Dada, usinizoee!"

Dada!! Mimi Candida, ambaye jana yake tu alikula ugali wangu pale Ilala akiniita mke wangu!

Ngojeni niwaeleze, wadogo zangu, maana nyie mmezaliwa sabuni zimejaa madukani.

Ni mwaka themanini na tatu, msako wa wahujumu uchumi umepamba moto. Dawa ya meno hakuna. Sukari kwa foleni. Ukikutwa na bidhaa za magendo umekwisha. Watu walikuwa wanatupa mali zao bondeni Jangwani, asubuhi mnakuta vitenge vinaelea majini na hakuna anayethubutu kuviokota. Na waliopandishwa karandinga la polisi mtaani kwetu... hatukuwaona tena.

Sasa pale Stesheni treni zilikuwa upande huu, mabasi ya mikoani upande wa pili, dirisha la tikiti moja. Watu hatukupanga foleni, vitu ndivyo vilivyopanga! Tofali, ndala, sufuria bovu, kila kitu na mwenyewe. Unaweka alama yako, unaenda kujiegesha kivulini. Ole wako usogeze alama ya mtu!

Severine alikuwa muuzaji kwenye duka la jumla Kariakoo. Alfajiri alikwenda kuweka kikapu kwenye foleni. Mimi nilipofika mchana akaniambia:

"Kaa hapo kwenye kikapu, mke wangu. Mimi nipo pale nguzoni."

"Kuna nini humo?"

"Dagaa za mama."

Nikachungulia, kweli, dagaa. Nikafurahi jamani, nikajiona nimeshaolewa!

Mara uwanja ukanyamaza.

Muuza kahawa akabeba dele lake akaondoka bila kudai vikombe vyake. Nikainua kichwa. Mgambo walikuwa wanaingia pande zote mbili, wa treni na wa mabasi. Karandinga likaja kinyumenyume likaziba geti.

Afande mmoja mrefu akaanza kutembea taratibu kando ya foleni, akigusa alama mojamoja kwa fimbo. Tofali. Ndala. Akafika kwangu.

Akaingiza mkono chini ya dagaa.

Akatoa sabuni. Akatoa betri za redio. Akatoa dawa ya meno.



"Cha nani hiki?"

"Cha mchumba wangu, yule pale!" nikamnyooshea kidole, nikijua atakuja kunitetea.

Afande akamwita, akaja. Ndipo akanikana.

Afande akamgeukia mama aliyekuwa nyuma yetu, Bi Sabaha, mwenye tofali lake.

"Mama, kikapu cha nani?"

"Mwanangu, mimi nimefika nimekikuta. Binti ndiye niliyemwona amekaa hapo."

Hakusema uongo, maskini.

"Basi ni chako. Twende!"

Akanikamata mkono, kikapu akakiacha palepale mgambo waje kukibeba. Nikageuka... Severine alikuwa amesharudi nguzoni kwake, anawasha sigara! Nililia jamani. Kesi zile hazikuwa na wakili wala dhamana. Mama yangu kule Masasi angejuaje nilipo?

Tulipokaribia karandinga, hasira ikanipanda. Sikuwa na mpango wowote, nilitaka vurugu tu nichomoke nikimbie. Nikapaza sauti yangu yote:

"Jamaniii! Dirisha limefunguliwa! Tikiti chacheee!"

Lahaula! Uwanja mzima uliinuka. Kila mtu mbio kwenye alama yake, mgambo wakasukumwa huku na huku. Bi Sabaha, na utu uzima wake, akakipiga teke kile kikapu kikaenda pembeni, akasimama yeye.

"Wee mama! Toka hapo!"

Sauti ile niliijua.

Severine alitoka nguzoni mbio, sigara ikaanguka, akakikumbatia kikapu na kukirudisha mahali pake. Mishipa ya shingo imemtoka!

"Hapa pangu! Kikapu hiki nimekiweka mimi mwenyewe alfajiri, nyie bado mmelala!"

Bi Sabaha akakitazama kikapu, akamtazama yeye.

"Kumbe chako, baba?"

Foleni nzima ikamgeukia...

Severine akatazama mikono yake, bado imeshika mpini. Rangi ikamtoka.

Afande akaniachia mkono.

"Rudia ulichosema, ndugu."

"Candida..." sauti yake ilikuwa ya mtoto mgonjwa. "Mke wangu, waambie basi!"

"Kaka," nikamjibu, "usinizoee!"

Karandinga likaondoka naye. Sitawadanganya, nilikaa chini nikalia tena, maana nilikuwa nampenda.

Bi Sabaha akanifuta uso kwa upindo wa kanga yake.

"Inuka, mwanangu. Nafasi yake ipo wazi, simama hapo."

Nikasimama. Dirisha lilipofunguliwa kweli, nikakata tikiti ya basi la kusini, nikaenda kwa mama.

Wadogo zangu, ukipewa mzigo wa mtu uushikilie, ingiza mkono mpaka chini, usiishie kwenye dagaa.

Na huyo anayekuita mke wangu chumbani, mngoje mpaka siku ya karandinga. Wangu alinikana mimi kwa sekunde moja... nafasi yake kwenye foleni ilimshinda kuikana!