Everard wa Mwisho

Mtoto alinyamaza ghafla, na ukimya huo ndio uliomtisha Dafrosa.

Tangu azaliwe alikuwa akilia. Ziwa hataki, mgongo hataki. Hospitali walisema mzima. Gervas, baba mtoto, akampigia mama yake Bukoba, naye akawajibu kama anayeulizwa jua linachomoza wapi: "Analilia jina huyo. Mtajieni wazee."

Wakataja. Babu wa Gervas, shangazi wa Dafrosa, hata mjomba mlevi ambaye harusini hualikwa kwa shingo upande. Kilio kikazidi.

"Labda anataka Mzungu," Dafrosa akasema kwa hasira za kukosa usingizi. "Wewe ni Everard, eti?"

Hapo ndipo mtoto aliponyamaza. Akatabasamu.

Everard alikuwa mzee wa Kiingereza aliyeishi Upplands Väsby, huku huku ughaibuni, ambaye Dafrosa aliajiriwa kumwogesha na kumlisha hadi ujauzito ulipomlemea. Alikufa wiki ile ile Dafrosa aliyojifungua. Kwao Uingereza walikuwa mabwana wa ardhi, mashamba na misitu mpaka macho yachoke, na kila kifungua mimba aliitwa Everard. Yeye hakuoa. "Ukoo wetu ufe na mimi," alikuwa akisema, na Dafrosa akadhani ni uchungu wa uzee.

"Jina limejichagua," alisema Gervas. Wakampa.

Siku ya pili nyumba ikanuka farasi aliyelowa mvua. Farsta, katikati ya maghorofa, ghorofa ya nne. Kisha zikaja buti, hatua nzito zikizunguka kitanda cha mtoto kama mtu anayekagua mpaka wa shamba lake.

Wakamwita Mama Concessa, Mrundi aliyeishi mtaa wa Hallunda, mwombezi asiyepamba maneno. Alisimama mlangoni akanusa.

"Vua viatu, mama," Gervas alinong'ona.

"Sivui. Nikikimbia nakimbia navyo." Akamwinamia mtoto. "Ardhi ile walipewa na jini. Malipo yake ni kumkalia kila mwenye jina. Mzee alikataa kuzaa ili life njaa. Ninyi mmelizalia."

"Tumbadilishe jina."

"Jina si shati, Gervas. Jini litamwita kwa hilo hilo. Akiitika, ndiyo basi."

"Ana wiki tatu. Ataitikaje?"

Concessa akafumba macho. Akaanza kuomba.

Saa tisa alasiri, giza la Desemba la huku kaskazini likiwa limekwisha kufunga madirisha, buti zikasimama, harufu ikawa nzito mpaka ikaonjeka ulimini, na kutoka ukutani, pasipo na mtu wala mlango, sauti ya upole, ya mtu asiyewahi kukataliwa kitu, ikaita, "Everard," na mtoto akageuza shingo ambayo jana haikuweza kubeba kichwa, akafunua kinywa, na humo Dafrosa akaona ulimi ukijipanga kama wa mtu mzima.

Akamziba kinywa kwa kiganja.

"Abee," akaitika yeye.

Buti zikaja upande wake. Hatua moja tu. Harufu ikakatika.

Mtoto akalia, kilio cha njaa tu, cha mtoto yeyote. Gervas akamkumbatia akilia naye. Concessa akaacha kuomba. Alikuwa akirudi nyuma, taratibu, kuelekea mlangoni.

"Dafrosa," Gervas akasema, "mnyonyeshe."

Dafrosa alikuwa dirishani, mikono nyuma, akitazama mapaa yenye theluji, kituo, watu wadogo chini wakikimbilia treni.

"Nani," akauliza kwa upole, "amewaruhusu hawa kupita kwenye ardhi yetu?"