Vumbi Nyuma ya Marlys

Kahawa ndiyo iliyoanza. Miaka tisa kikombe cha kwanza alichomimina Dwight kilikuwa cha Marlys; asubuhi ile, kwenye jangwa la Nevada, akampa Rochelle, mgeni wa miezi miwili kwenye msafara wao wa magari ya jangwani. Akamvika na kofia ya uchimbaji aliyoachiwa na marehemu baba yake mwenyewe.

"Leo nakupeleka kwenye mgodi wa mzee," akamwambia.

Marlys hakuwahi kupelekwa huko. Alicheka nao, lakini wivu ulimchoma vibaya.

"Mimi mbele, Marlys kati, Rochelle nyuma," Dwight akapanga magari yao matatu, kisha akamgeukia Rochelle. "Na njia panda?"

"Unamngoja wa nyuma mpaka akuone unakata kona," Rochelle akajibu.

"Umeiva, dada."

Marlys hakuwahi kuambiwa hivyo.

Kwenye njia panda ya pili Dwight alimngoja Marlys, akakata kushoto. Marlys akatazama kioo: vumbi la Rochelle lilikuwa mbali. Hakungoja. "Si kaiva? Ajijue." Jamani, roho mbaya haijengi, na joto la Julai kule linaua.

Baada ya maili moja redio ya upepo ikakoroma. "Niko nyuma yako, Marlys." Sauti ya Rochelle, ila polepole mno, na kweli kiooni vumbi lilikuwepo, limemkaribia, na ndani ya gari ikaingia harufu ya udongo mbichi na mishumaa iliyozimwa, ingawa vioo vyote vilikuwa vimefungwa na mvua ilinyesha mara ya mwisho mwaka jana.

Mgodini Dwight akashuka. "Rochelle yuko wapi?"

"Nyuma yangu. Kaongea redioni."

"Redio yake imekufa tangu jana," Dwight akanong'ona. "Kwani hukumngoja?"

Marlys akageuka. Vumbi lilikuwa limetulia nyuma yake, na hapakuwa na gari.

Walimkuta alasiri kwenye njia ya kulia, gari limezama mchangani, midomo imepasuka, anapumua kwa shida. Dwight alimpakia garini kwake.

"Wewe utajijua," akamwambia Marlys, akaondoka kasi.

Marlys alipofika njia panda, Dwight hakuwepo. Kila upande vumbi lilikuwa bado linapanda.

Redio ikakoroma. "Nimekungoja, dada," ikasema kwa sauti ya Dwight, polepole mno. "Mgodi wa mzee, mimi na wewe tu. Nifuate."

Ile harufu ya mishumaa ilijaa garini. Marlys alijua kabisa kwamba si Dwight. Akafuta machozi, akakata kona.