Kufuli la Jina la Baba Mkwe

Jioni ile nilikuwa nafunga ndama, basi. Kazi ya kila siku. Ulikuwa mwaka wa pili tangu tuhamishiwe vijiji vya ujamaa, huku Kharumwa, na mume wangu Theonest alikuwa ndiyo kwanza amezikwa. Shimo la dhahabu, wachimbaji huliita duara, lilikuwa limemfukia.

Aliniachia ngozi ya mbuzi, maandishi kayachoma kwa msumari wa moto. Darasa la nne nimefika, lakini ngozi ile huisomi ukapata kitu. Herufi zote alizihamisha, moja ikisimama badala ya nyingine, ufundi aliojifunza misheni ya Ushirombo. Kuzirudisha kulitaka neno moja.

"Neno ni jina la baba," aliniambia siku aliyonipa.

Nikacheka. "Umenitia kufuli mdomoni, wewe mwanaume!" Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata akiwa kaburini.

"Ndiyo maana liko salama."

Nilijua ngozi inahusu nini. Maganga, mwenye duara, alimkata baba mkwe kichwa, akakizika shimoni kiwe dawa ya kuvuta dhahabu. Theonest alikifukua, akakificha, akaandika alikokificha. Wapi? Hakuniambia.

"Mwadila, mayu."

Salamu yetu ya jioni kwa mama, na harufu ya pombe ya gongo. Maganga, na panga. Nyuma yake Jilala, kibarua wake, ameshika ngozi yangu. Walishaipekua nyumba.

"Duara linakula watu, Mama Febronia," Maganga alinong'ona. "Linataka kichwa cha mkweo. Najua ngozi hii ina neno la kuisomea. Nipe neno."

"Kamuulize uliyemkata."

Akanipiga ubapa wa panga mdomoni. Meno mawili yakatoka. Jilala akanikandamiza mkono juu ya kigingi cha ndama.

"Neno."

"Nenda kanye."

Panga likashuka. Kidole changu kikaangukia kwenye samadi, bado kinajikunja.

"Vinavyofuata ni vya binti yako Febronia. Neno!"

Nikafungua mdomo uliojaa damu. Nikalitamka.

Ndama wakanyamaza.

Kisha ikaja harufu... udongo mbichi wa shimoni.

"Naam."

Sauti ilitoka chini. Chini ya samadi, katikati ya miguu ya Maganga.

"Naam, mkwe."

Jilala aliitupa ngozi, akatimua mbio. Maganga hakukimbia. Alikuwa amezama hadi magotini, pale pale ndama wanapokanyaga kila siku. Nikasikia mifupa ikivunjika, mmoja... mmoja... kama mtu anavunja kuni. Alimlilia mama yake mpaka samadi ikamjaa kinywani.

Asubuhi majirani walimkuta wima, kafukiwa hadi mabegani, uso umegeukia mgongoni. Wakasema ni ulevi. Tangu lini gongo likamgeuza mtu shingo? Mimi nilifunga mkono wangu kitambaa, nikaiokota ngozi.

Ngozi ninayo. Siifungui, ya nini, mahali si napajua? Na jina sitaliandika hapa, msijisumbue kunichungulia.

Kinachoninyima usingizi ni kimoja tu. Kwetu, ukimwita mkubwa akaitika, lazima useme ulichomwitia. Mimi sikusema kitu.

Na kila jioni, nikifunga ndama, samadi inainuka kidogo chini ya nyayo zangu.

Bado anangoja.