Hodi ya Tatu

Harufu ya chokaa mbichi ilianza asubuhi ile ile Fundi alipolisogeza lile pigo la dramu. Badala ya kujiuliza, akafungua dirisha. Chumba chake cha kazi hakikuwa kimeguswa na brashi tangu ahamie, lakini mwanamke huyu msafisha kanda za muziki alikuwa amefurahi, na mtu mwenye furaha pua haimsumbui.

Na alikuwa na haki ya kufurahi. Albamu yenye pigo hilo ni *Nyumba ya Mgeni*, ile ya roki ambayo wapenzi wa muziki wakikutana hubishana mpaka chai inapoa. Ni kisa kimoja kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho: mtu anamjengea nyumba mgeni asiyemjua, kila wimbo chumba kimoja, gitaa likipandisha kuta, kinanda kikiezeka paa. Nusu ya wanamuziki waliofuata walijifunzia humo. Katika wimbo wa mwisho mgeni anafika, dramu inapiga hodi tatu, na mwimbaji anaitikia, "Karibu!" Basi, imekwisha.

Ila hodi ya tatu ilichelewa. Mwimbaji anakaribisha kwanza, halafu ndipo dramu inagonga, du, kama ya mtu aliyesinzia. Wachache waliliita pigo hilo ufundi. Wengi waliandika kwamba mpiga dramu alikuwa amelewa chakari, kawaharibia wenzake kazi ya maisha. Huyo mpiga dramu ni baba yake Fundi. Mtaani alikuwa Mzee Chelewa, hata kwenye shikamoo: "Shikamoo, Mzee Chelewa!" Alicheka nao, akirudi nyumbani hali chakula. Fundi alikua akiyaona hayo, na yalimuuma.

Kwa hiyo kampuni ilipompa kanda za zamani azisafishe ili albamu itoke upya, alijua atampa baba yake zawadi gani. Alilikata pigo lile, akalirudisha nyuma kidogo, likakaa mahali pake, kabla ya neno "Karibu". Akaituma kazi.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Mchana kweupe alisikia mwiko ukikwangua ukuta, kwanza upande wa jikoni, kesho yake ukumbini. Vumbi jeupe likawa linakaa juu ya vikombe.

"Unakarabati, jirani?" Fundi aliuliza dirishani.

"Mimi? Mlango wangu wenyewe nimeufunga kwa kamba!"

Wakacheka. Jamani, wakacheka.

Siku redio ilipoicheza kwa mara ya kwanza albamu nzima iliyosafishwa, Fundi alimleta baba yake kwake, akamkalisha sebuleni, mikono yake ya uzee ikitetemeka juu ya kikombe. "Leo usilale, Baba. Subiri wimbo wa mwisho. Hawatakuita tena Chelewa."

Mzee aliweka kikombe chini. "Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimelisogeza. Sasa linapiga sawasawa."

Akanusa hewa, polepole. Uso wake ukamshuka. "Hii harufu imeanza lini?"

"Siku hiyo hiyo. Kwani vipi?"

"Zima. Zima hicho kitu!"

Akazima. Mzee akasogea karibu na kunong'ona, kana kwamba kuta zina haja ya kusikia. "Sikuwa nimelewa. Kwenye mazoezi nililipiga sawa, mara moja tu. Mpiga gitaa alikuwa ameupa mlango mgongo, na mlango ukafunguka wenyewe. Aliyetoka pale na gitaa hakuwa yeye. Alinijua jina, alicheka vilevile, lakini mkewe alimkimbia. Alisema, mume wangu hakuwa na harufu ya chokaa. Siku ya kurekodi nikachelewa makusudi. Ukimkaribisha mgeni kabla hajamaliza hodi, hajakaribishwa."

"Mbona hukusema, Baba? Miaka yote wanakucheka!"

"Ningesema, angetokea wa kujaribu."

Fundi alilia huku akipiga simu kwa bosi wa kampuni. "Waambie redio wakatishe! Wimbo wa mwisho usipigwe, nakuomba!"

"Wewe mzima kweli?" Bosi alikuwa anacheka. "Watu wanalia kwa raha huku! Wameshaipakua kwenye simu, kwenye magari, wapi isipopigwa? Mpongeze mzee." Akakata.

Na kweli, redio yao ilikuwa kimya lakini mtaa haukuwa kimya, gitaa lilikuwa linapandisha ukuta wa mwisho kwa jirani, na kwenye gereji ng'ambo, na kwenye gari lililosimama getini, na Fundi alitaka kukimbia akawagongee wote wazime, lakini akarudi kitini kando ya baba yake, kwa sababu mwiko uliokuwa ukikwangua siku zote hizo ulikuwa umeacha, na ndani ya chumba chake cha kazi, kilichokuwa kitupu, nyuma ya mlango aliofunga kwa mkono wake mwenyewe, kitu kiligonga.

Du.

"Tusiitikie," Fundi alinong'ona. "Baba, tukinyamaza hawezi, si ndiyo? Tukinyamaza tu?"

Du.

Mzee alimvuta kifuani, akamziba mdomo kwa kiganja, na kiganja kilitetemeka kwenye midomo yake kama kilivyotetemeka kila siku, Fundi akakishika kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akaomba kimoyomoyo pigo lichelewe, lichelewe kidogo tu kama zamani.

Du. Lilikaa mahali pake, safi kabisa, kama alivyolipanga.

Na kutoka kwa jirani, na gereji, na kwenye lile gari, na kila dirisha lililokuwa wazi mtaani, sauti moja nzuri ikaitikia: "Karibu!"

Kitasa kilizunguka. Fundi hakufumbua macho. Alisikia mlango ukifunguka, nyayo zikija bila haraka, zikasimama nyuma ya kiti walichokalia. Kisha kiganja kilichomziba mdomo kikaacha kutetemeka.

Kilikuwa kinanuka chokaa.