Babu Alimkana Mama Yake Bomani

"Huyu mama simjui."

Alisema hivyo hivyo, kavu kabisa!

Mbele ya Bwana Shauri, mzungu wa wilaya. Mbele ya karani. Mbele ya mke wake!

Na mama mwenyewe, mama aliyemzaa, yuko hatua mbili tu kutoka kwake, miguu imejaa vumbi la njia ya Kaengesa...

Ngojeni kwanza, jamani. Msianze kumtukana kwenye komenti. Huyo aliyesema ni babu yangu, mzaa baba. Mkishasikia yote, mtamtukana vizuri.

Mwaka ni 1951. Sumbawanga, enzi za Mwingereza.

Babu alikuwa anaitwa Muhidin bin Hamidi. Alikuwa na duka la vitambaa na chumvi pale mjini, kanzu nyeupe, kofia ya kutarizi, na marashi unayasikia kabla hujamwona. Bibi yangu Kulsumu alikuwa na miaka ishirini na minne, ameolewa kutoka Ujiji. Watoto wawili: Bashiri, ndiye baba yangu, miaka saba, na Zaitun wa mgongoni.

Haya yote nimeyapata kwa Bibi. Alinisimulia mara moja tu, huku anachambua maharage, sauti iko chini, wala hakusita hata pale ambapo mimi nilikuwa nalia.

Sasa sikilizeni shida ilivyoanza.

Serikali ilitoa amri. Kila asiye mwenyeji wa nchi lazima awe na cheti cha ukaazi. Mhindi, Mwarabu, yeyote. Huna cheti, onesha uliingia lini na kwa ruhusa ya nani. Huna hata hicho? Funga mizigo.

Na Muhidin alikuwa amejiandikisha nini siku zote?

"Mwarabu. Nimezaliwa Maskati."

Maskati gani, jamani! Alizaliwa Kasanga pale ziwani. Baba yake ndiye aliyekuwa Mwarabu, na alikufa mtoto akiwa hajaota meno. Mama yake ni Mfipa, anaitwa Fransiska, mkulima wa ulezi. Alipofiwa alimbeba mwanawe, akarudi kwao, akambatiza misheni. Jina la ubatizo, Leonardi.

Mtoto alipofika miaka tisa, baba yake mdogo akaja kumchukua, akamleta mjini, akamsilimisha. Leonardi ikaishia hapo.

Kwa nini adanganye? Kwa sababu kipindi cha vita vya Hitla, Mwarabu alikuwa anapewa kadi ya mchele na sukari. Mfipa alikuwa anapewa maelezo.

Na si hilo tu. Babu yangu ndiye aliyekaa na karani kuchambua nani Mwarabu wa kweli na nani wa kubahatisha! Aliwakata watu kwenye orodha. "Huyu mama yake Mfipa, mfute." "Huyu naye, futa." Aisee, mtu ana moyo!

Kulsumu aliujua ukweli siku ya saba ya ndoa. Bibi kizee alikuja mlango wa uani na unga wa ulezi kwenye kikapu. Muhidin akaupokea haraka haraka, akamsindikiza.

"Nani huyo?" Kulsumu akauliza.

"Mama mmoja alinilea."

Lakini pua ile ile, vidole vile vile. Kulsumu hakuwa kipofu. Akanyamaza, kama alivyofundwa.

Basi, amri ilipokuja Muhidin akaomba cheti. Akaandika kazaliwa Maskati. Uliingia lini? Akaacha wazi. Meli gani? Akaacha wazi.

Jibu likarudi: siku thelathini uwe umeondoka. Wewe, mke na watoto.

Kulsumu aliposomewa ile barua aliikunja, akamrudishia mumewe. Hakulia. Alikwenda kugeuza chapati.

"Nitakwenda Mbeya kwa wakili," Muhidin akasema.

Akapanda lori. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Wakili Mhindi, anasifika mpaka Tabora.

Aliporudi, hakukaa hata chini.

"Kasema hakuna njia, Mama Bashiri. Tujiandae tu. Maskati pazuri, utapapenda."

"Wewe umewahi kupaona?"

Akavuta sanduku kutoka uvunguni.

Kulsumu akafunga mizigo. Kila nguo ya mtoto aliyoikunja, alihisi anaikunja kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Ndivyo alivyoniambia.

Siku ya nne ya kufunga mizigo, akiwa anakung'uta kanzu ya safari ya mumewe, karatasi ikadondoka. Imechapwa kwa mashine. Kiingereza.

Akaificha kwenye khanga, akaenda kwa Theodory.

Theodory huyu aliwahi kusoma seminari, akatoka kabla ya upadri. Alikuwa na taipureta yake kwenye baraza karibu na posta, anawaandikia watu barua za serikali. Mwanasheria hakuwepo Ufipa nzima. Ukiwa na shauri, tegemeo lako ni Theodory na Mungu.

"Nisomee, tafadhali."

Theodory akasoma mara mbili. Akamtazama.

"Mama Bashiri, hii ni barua ya wakili. Anasema: leta ushahidi kwamba umezaliwa Tanganyika, na shauri lako limekwisha. Hutahitaji hata hicho cheti cha ukaazi."

"Soma tena."

"Anasema ni jambo jepesi. Mtu aliyezaliwa hapa hafukuzwi."

Jepesi! Mwanamume alikuwa na ufunguo mfukoni, na bado anaifungisha familia mizigo!

Hapo wengine tungepiga kelele mpaka majirani watoke. Bibi yangu aliuliza swali moja tu.

"Ushahidi gani serikali inaukubali?"

"Kitabu cha ubatizo. Kwa huku hakuna kingine."

Kesho yake Kulsumu na Theodory wakaondoka. Muhidin aliambiwa mkewe anakwenda kumwona mgonjwa. Kule misheni ya Kaengesa padre akafungua kitabu kikuukuu, kidole kikashuka mstari kwa mstari mpaka kikasimama. Leonardi. Kazaliwa Kasanga. Mama Fransiska. Baba Mwarabu, marehemu. Padre akanakili na kupiga muhuri.

"Sasa tatizo," Theodory akasema njiani. "Karatasi hii inamtaja Leonardi. Nani ataapa kwamba Leonardi ndiye Muhidin?"

Yupo mmoja tu.

Wakamkuta Fransiska shambani anavuna ulezi kwa kisu. Kulsumu akapiga magoti kwenye makapi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umefikaje huku na jua hili?"

Akaelezwa. Hakuuliza kwa nini ndiyo kwanza anatafutwa. Alifuta kisu, akaulizia wajukuu wamekua kiasi gani.

"Wanataka kumpeleka wapi?"

"Ng'ambo ya bahari, mama. Na watoto."

"Basi nitakwenda kusema."

Theodory akachapa ombi, akaambatisha na nakala ya padre. Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Bwana Shauri akawaita wote bomani.

Muhidin alipoingia na kumwona mama yake amekaa kwenye benchi, alisimama kama aliyekanyaga moto. Akamgeukia mkewe.

"Umefanya nini, Kulsumu?"

"Nimefanya kile wakili alichokuambia ufanye."

Sasa, dirisha la boma lilikuwa wazi. Na nje, wadau, walikuwa wamejaa! Waarabu wenzake wa mjini, na wale aliowafuta kwenye orodha kipindi cha vita. Wote masikio nje nje.

Bwana Shauri akauliza, mkalimani akatafsiri.

"Muhidin bin Hamidi, unamjua mama huyu?"

Muhidin akalitazama dirisha.

Akaiweka sawa kofia yake.

"Huyu mama simjui."

Kulsumu anasema hakusikia hasira. Hakusikia chochote. Aliona wino kwenye kidole cha karani, akaona nzi anatembea kwenye faili. Zaitun alikuwa anamvuta nywele, hakusikia maumivu.

Theodory akaruka. "Bwana, aulizwe mama! Neno la mama linatosha!"

"Mama," mkalimani akasema, "uko chini ya kiapo. Huyu ni mwanao?"

Fransiska akamtazama mwanawe. Akaona kanzu ilivyotota jasho. Akawaona wale watu dirishani.

Jamani... nyie mna mama?

"Nimemfananisha, Bwana," akasema. "Uzee. Macho yamechoka. Mwanangu Leonardi alishapotea zamani."

Akimfichia aibu!

Karani akaandika. Akamshika Fransiska kidole gumba, akakibandika kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Theodory alikaa chini, kichwa mikononi. Muhidin kukana peke yake kusingeharibu kitu, aliniambia Bibi. Nakala ya padre na neno la mama vingemshinda hata yeye mwenyewe. Kilichomzamisha ni ile huruma ya mama yake.

Bwana Shauri akafunga faili.

"Ataondoka kwa meli ijayo ya ziwani kutoka Kasanga, kisha treni hadi pwani. Mke na watoto humfuata mume."

Hapo ndipo Kulsumu akasimama.

"Bwana, nani kasema mimi ni mke wake?"

Karani akainua kichwa.

"Yeye mwenyewe. Kajaza fomu."

"Cheti cha ndoa kimo humo ndani?"

Karani akapekua. Hakikuwemo. Kingetoka wapi? Waliozwa kwa mdomo, sebuleni Ujiji, na waliokula pilau ndio mashahidi.

"Basi mimi si mke wake. Nimezaliwa Ujiji, hawa watoto nimewazalia hapa Sumbawanga. Ni wangu mwenyewe."

"Baba yao nani?"

"Hawana baba."

"Kulsumu!" Muhidin akapiga ukelele. "Unawafanya wanangu wanaharamu mbele ya watu!"

"Kumbe inauma?"

Bwana Shauri akalivuta tena lile faili. Hakuwa mjinga yule, alijua ni uongo wa kuwaokoa watoto. Akamwambia karani kitu kifupi, na karani akakata majina matatu kwa rula.

Muhidin alipoiona ile rula inapita juu ya jina la Bashiri, alivunjika. Akaanguka miguuni pa yule mkulima wa ulezi.

"Mama! Mama, waambie! Waambie mimi ni Leonardi!"

Dirisha likaguna. Fransiska akamshika kichwa.

"Ni wangu, Bwana! Nilisema uongo, dhambi hiyo nitaiungama. Huyu ni wangu, nilimzaa Kasanga!"

Mkalimani akatafsiri. Bwana Shauri akatikisa kichwa.

"Umeapa kwamba si wako. Dole gumba lako hili hapa. Nichukue kiapo kipi, cha kwanza au cha pili?"

Imekwisha.

Theodory aliandika rufaa hadi vidole vikavimba. Kutoka Dar es Salaam wakajibu mistari miwili: shahidi ana maneno mawili, haaminiki.

Siku ya lori la Kasanga, watu wa mjini walijitokeza kumtazama Mwarabu akirudishwa kwao. Kulsumu alisimama na watoto upande wa pili wa barabara, kwa sababu kwa mujibu wa serikali hawakumhusu. Askari alikuwa anatazama.

Bashiri akachoropoka, akakimbia hadi kwenye tairi.

"Baba, unakwenda wapi?"

Muhidin akainama juu ya mizigo.

"Nakwenda nyumbani, baba."

"Nyumbani si hapa?"

Lori likawaka.

Barua hata moja haikuja. Wengine walisema Maskati nao walimkataa kwa sababu hakuna aliyemjua. Wengine walisema hakufika. Sisi hatujui mpaka leo.

Mjini wakamwita Kulsumu malaya. Akahamia kwa mama mkwe, akajifunza kuvuna ulezi kwa kisu, Mwislamu na Mkatoliki wakala sahani moja miaka kumi na tisa. Watoto wakakua hapa hapa. Baba yangu alikufa juzi juzi, na kwenye hati zake zote pale penye jina la baba pana mstari mtupu.

Nilimuuliza Bibi kama aliwahi kumlilia mumewe.

"Nilisubiri kilio kije," akasema. "Sijui kilipotelea wapi."

Haya, funzo nawapa bure. Ukienda kwa wakili, mpe ukweli wote, hata ule unaokutia aibu, maana huo ndio mara nyingi wenye kukuokoa. Na ukiapa, usimwonee huruma mtu. Serikali haina raba ya kufutia huruma.

Sasa ruksa, mtukaneni.

Ila mkimaliza, mwenye mama hai ampigie simu.