Risasi ya Mgongoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Eulalia Sedillo aliteka maji kisimani, akawafungulia mbuzi, kisha akaketi jikoni na bibi yake, Casimira, kula maharagwe kwa chapati za mahindi. Mikono yake ilifanya kazi, lakini ulimi wake ulikuwa na habari za mtu mmoja tu: Wade Tolliver, jambazi wa mpakani aliyeuawa na askari pale pale kijijini kwao, Piedra Honda, New Mexico, miaka thelathini na mitano iliyopita.

"Bibi, unajua Tolliver aliwahi kuiba farasi arobaini kwa siku moja?"

"Kula."

"Na akawagawia maskini wote."

"Kula, mwanangu. Chakula kinapoa."

Habari hizo zilitoka kwa Mzee Hilario, mshona viatu, ambaye ujanani aliwahi kufuatana na Tolliver. Wageni waliposhuka kwenye treni, walimnunulia kahawa ili awasimulie. Shuleni nako, katika mchezo wa majambazi, hakuna aliyetaka kuwa askari. Wote walitaka kuwa Tolliver, na Eulalia, mwenye sauti kuliko wote, ndiye aliyekuwa Tolliver karibu kila siku.

Kwa hiyo kijiji kilipoamua kusimamisha jiwe la kumbukumbu ya jambazi huyo, Mwalimu Prentiss alimchagua Eulalia asome sifa zake mbele ya wageni. Mwalimu alikuwa ametoka mashariki mwaka ule, na aliyajua maisha ya Tolliver kutoka vitabuni. Aliandika kurasa mbili kwa mwandiko mzuri. Eulalia akazikariri kwa siku tatu.

Alasiri ya siku ya tatu alisimama mbele ya bibi yake, aliyekuwa akitunga pilipili nyekundu kwenye uzi, akaanza kusoma. Alipofika kwenye maneno, "Wala hakumpiga mtu risasi ya mgongoni hata siku moja," Bibi Casimira aliweka uzi chini.

"Hayo usiyaseme."

"Kwa nini, Bibi?"

"Kwa sababu babu yako alikuwa ameinama, anawanywesha kondoo. Hata uso wa aliyemuua hakuuona."

Eulalia alijua tu kwamba babu yake, Jacinto, alikufa angali kijana. Hakuna aliyewahi kumwambia alikufaje.

"Tolliver alimtaka farasi wetu," Bibi alisema. "Farasi mwenyewe alikuwa amefungwa pale. Angemchukua tu akaenda zake. Nilikuwa mlangoni, nina mimba, baba yako yumo tumboni. Nikaona yote."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Mwaka wa kwanza watu walinihurumia. Mwaka wa kumi wakaniambia nimesahau. Mwaka wa ishirini wakanicheka. Nikafunga mdomo."

Asubuhi yake Eulalia alimwendea Mwalimu Prentiss darasani na kumweleza yote. Mwalimu alisikiliza huku akipanga daftari.

"Bibi yako ni mtu mzima sana, Eulalia. Huenda amechanganya mambo. Vitabu vyote vinasema vingine."

"Waliovitunga walikuwapo, Mwalimu?"

Mwalimu aliweka daftari chini, akasema, "Utasoma kama nilivyoandika, au nimpe Benito?"

"Nipe mimi, Mwalimu," Benito, mwanafunzi mwenzake, alidakia kutoka kwenye dawati lake. "Bibi yake ana kinyongo kwa sababu Tolliver hakumposa."

Darasa zima likacheka. Eulalia alihisi masikio yakimchoma, lakini alizikunjua zile karatasi na kuziweka mezani kwa Benito.

"Soma wewe. Mimi siwezi kumsifu aliyemuua babu yangu."

Jumamosi uwanja ulijaa wageni na wenyeji. Jiwe lilifunikwa shuka, na Mzee Hilario aliketishwa mbele kwa heshima. Benito alisoma vizuri mpaka akafika kwenye yale maneno. Hapo Eulalia akasimama katikati ya watu.

"Huo ni uongo," alisema. "Alimpiga babu yangu, Jacinto Sedillo, mgongoni, naye hana silaha."

"Kaa chini, mtoto," mwenyekiti wa sherehe alimkemea.

"Sikai."

Miguno ilipita uwanjani. Mtu mmoja akauliza kwa dhihaka shahidi yuko wapi. Bibi Casimira aliinuka, akaja kusimama bega kwa bega na mjukuu wake.

"Mimi hapa."

Wachache wakacheka, kama walivyozoea. Eulalia hakuwatazama. Alimgeukia mshona viatu.

"Mzee Hilario, wewe ulikuwa ukifuatana naye. Babu yangu alipigwa wapi?"

Mzee Hilario aliitazama mikono yake.

"Mgongoni," alisema. "Mimi ndiye niliyemfungua yule farasi."

"Mbona umetudanganya miaka yote hii?" Benito aliuliza, karatasi zikimlegea mkononi.

"Wageni hawakuuliza habari za mchunga kondoo, kijana wangu. Walitaka Tolliver, nikawapa Tolliver. Kila mwaka nikaongeza chumvi."

Jiwe halikufunuliwa siku ile. Baadhi ya wageni walirudi kwenye treni wakinung'unika. Lakini wiki iliyofuata, watu waliokuwa wamenyamaza kama Bibi walianza kuja shuleni, mmoja mmoja, kila mmoja na jina la mtu wake aliyeuawa na Tolliver. Mwalimu Prentiss aliyaandika yote. Fundi aliyafuta maneno ya uongo kwenye jiwe na kuchonga majina matano mahali pake, la kwanza likiwa la Jacinto Sedillo.

Mwalimu alikwenda mwenyewe nyumbani kwa akina Sedillo kuomba radhi. Bibi Casimira alimkaribisha, akamwandalia chakula. Walipokwisha kula, alimvuta Eulalia karibu.

"Mimi nilinyamaza kwa sababu walinicheka," alisema. "Kumbe kicheko hakiui. Ukimya wangu ndio uliomwachia mwongo uwanja. Wewe ukiujua ukweli, mwanangu, useme, hata dunia nzima ikikwambia ukae chini."